Mtoto wa Mulago si mtoto wa London

Kila Novemba, siku ya kimataifa ya watoto njiti inapokaribia, picha huwa ni zile zile: mgeni rasmi, utepe mwekundu, inkubeta ambayo bado haijavuliwa nailoni, na pembeni muuguzi aliyeombwa atabasamu. Sina ugomvi na inkubeta. Ugomvi wangu ni na hoja ambayo siku hizi huandamana na picha hizo. Tangu matokeo ya OMWaNA, utafiti wa kumweka mtoto njiti kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, uliofanywa katika hospitali tano za serikali hapa Uganda, yachapishwe kwenye jarida la Lancet mwaka 2024, kuna wanaoyanukuu hivi: si wameona wenyewe kwamba kumbeba mtoto kifuani hakuleti tofauti? Basi tuletewe mashine. Naona usomaji huo umekosea, tena umekosea mahali pabaya. Utafiti wa ubongo wa watoto wachanga uliofanyika nchini kwa takriban miaka ishirini umetufundisha mengi zaidi pale uliposema "hapana" kuliko pale uliposema "ndiyo". Na kila "hapana" imenyooshea kidole pande zile zile mbili: saa za uchungu kabla mtoto hajaifikia mashine yoyote, na miaka inayofuata baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Tuanzie kwenye jeraha lenyewe. Wakunga wana namna yao ya kusema: mtoto amechoka. Wanamaanisha mtoto aliyekaa sana njiani, uchungu ukavuta, damu inayomfikia kupitia kondo na kitovu ikapungua, akatoka amelegea, halii. Wapo ambao wakipuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza hulia, na habari ikaishia hapo. Wengine hurudi kwenye uhai lakini ubongo umeshaumia. Saa chache baadaye hawanyonyi, wanakakamaa, degedege linaanza. Kinachowashughulisha watafiti ni kwamba ubongo hauharibiki wote kwa mkupuo mmoja. Kuna pigo la kwanza, la kukosa oksijeni. Kisha seli hutulia kwa saa kadhaa kana kwamba zimepona. Halafu linakuja pigo la pili: nguvu ndani ya seli inaporomoka, na zile zilizokuwa zimenusurika nazo zinakufa. Kati ya mapigo hayo kuna mwanya wa saa sita hivi, na nchi tajiri zimejenga tiba yao ndani ya mwanya huo. Mtoto anapoozwa mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, shughuli za ubongo zinapungua, pigo la pili linamkuta akiwa na akiba. Uingereza imeifanya kuwa huduma ya kawaida kwa zaidi ya miaka kumi, na kule inaokoa uhai na akili za watoto.

Kwa nini basi isiletwe Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa hapa Kampala? Ililetwa. Margaret Nakakeeto, mmoja wa madaktari waliojenga huduma ya vichanga nchini, alishirikiana na Nicola Robertson wa London katika jaribio dogo la watoto 36, wakitumia chupa za maji ya bomba badala ya mitambo ya bei mbaya. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Kati ya watoto 21 waliopoozwa walikufa saba. Kati ya 15 waliopewa huduma ya kawaida alikufa mmoja. Idadi hiyo ni ndogo mno kwa mtu kuapa nayo, na jaribio lilikusudiwa kupima kama jambo lenyewe linawezekana, si kama linaponya. Lakini mwaka 2021 zikaja habari za HELIX, jaribio la watoto 408 katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, safari hii kwa mitambo halisi na wataalamu waliobobea. Waliopoozwa walikufa asilimia 42. Wasiopoozwa, asilimia 31. Tiba ile ile, ubongo wa binadamu yule yule, na imegeuka madhara.

Hapa pana jambo la kutafakari taratibu, kwa sababu jibu la haraka ni kwamba huku hatuna vifaa, na jibu hilo halitoshi. HELIX ilikuwa na vifaa. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya muda. Mwanya wa saa sita unahesabiwa tangu jeraha litokee, ilhali hospitali inahesabu tangu mtoto azaliwe. Katika wodi ambayo moyo wa mtoto unafuatiliwa dakika hadi dakika na chumba cha upasuaji kiko hatua ishirini, saa hizo mbili zinakaribiana. Sasa mfikirie mama aliyeanza uchungu jioni kijijini, akasubiri pesa ya boda, akafika kituo cha afya cha daraja la tatu usiku wa manane, akaambiwa njia haijafunguka, alfajiri akapewa rufaa kwenda daraja la nne, akakuta chumba cha upasuaji kipo lakini mtu wa kutoa dawa ya usingizi hayupo, akapelekwa mbele tena. Mtoto huyo anapozaliwa saa nne asubuhi, saa ya hospitali inasoma sifuri. Ya ubongo wake huenda inasoma saba au tisa. Mwanya umeshajifunga, na kumpooza ni kumwongezea baridi mgonjwa ambaye baridi peke yake ingetosha kumuua.

Maelezo ya pili ni ya maambukizi, na kwayo tunamshukuru zaidi Cally Tann, daktari wa vichanga na mtafiti wa chuo cha tiba za tropiki cha London ambaye sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika Uganda. Utafiti wake wa Mulago uliitwa ABAaNA. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: abaana ni wana, omwana ni mwana. Ni nadra vifupisho vya watafiti kusomeka kama lugha ya watu.) Alichukua watoto 210 waliokuwa na dalili za ubongo kuumia, akawalinganisha na wenzao takriban mara mbili ya idadi hiyo waliozaliwa wazima, akachunguza damu zao na makondo ya mama zao. Vijidudu katika damu na uvimbe wa kitovu vilijitokeza zaidi sana kwa walioumia. Maana yake, lile neno "kukosa hewa" tunaloliandika kwenye faili lilikuwa linaficha angalau mambo mawili. Mtoto ambaye tayari anapambana na maambukizi tumboni huvumilia kidogo tu uchungu mrefu ambao mwenzake angeumaliza salama, na kwa mtoto wa namna hiyo hatuna sababu ya kutarajia baridi ifanye kazi ile ile. Tann hakuishia wodini. Alifuata watoto hao kwa zaidi ya miaka miwili. Karibu wawili kati ya kila watano walikuwa wamekufa, na zaidi ya robo ya walionusurika walikuwa na ulemavu wa viungo au wa akili.

Ndiyo maana siyaiti matokeo ya kupooza kuwa ni kushindwa. Kama Mulago isingejaribu, hospitali zetu zingekuwa leo zinapewa mashine za kupoozea watoto kwa shangwe na utepe mwekundu.

Sasa turudi kwenye OMWaNA, maana ndiyo inayosomwa vibaya. Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu inkubeta hazikutosha: mtoto njiti anavuliwa, anafungwa wima kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, ananyonya hapo hapo, analala hapo hapo. Kwa miongo mingi ushauri ulikuwa kwamba mtoto atulie kwanza kwenye mashine, anapokuwa imara ndipo aende kifuani. Mwaka 2021 jaribio la Shirika la Afya Duniani katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania likauvunja ushauri huo. Watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12, waliosubiri walikufa karibu asilimia 16, na jaribio likasitishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. OMWaNA, iliyoongozwa na watafiti wa Entebbe, Makerere na London, Tann na Peter Waiswa wakiwamo, iliuliza swali hilo hilo ngazi za chini: Entebbe, Iganga, Jinja, Masaka na Mbale, kwa watoto zaidi ya 2,200 wa chini ya kilo mbili. Vifo vya siku saba za kwanza havikutofautiana kati ya makundi mawili.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayochukua sentensi hiyo ya mwisho na kukimbia nayo kwenda kuagiza inkubeta. Inasahau kuuliza: hakuna tofauti kati ya nini na nini? Kundi la pili halikuachwa kwenye baridi. Lilipewa huduma ya kawaida ya hospitali, yaani inkubeta au taa ya kutia joto, kisha kifua cha mama mtoto alipotulia. Mwenye kusema kangaruu haikufua dafu anasema pia, kwa pumzi hiyo hiyo, kwamba mashine nayo haikufua dafu mbele ya kifua cha mama, wakati kifua hakihitaji jenereta, kipuri wala fundi kutoka Kampala. Nikubali upande wa pili pia: kutokuona tofauti si sawa na kuthibitisha kwamba vitu viwili vinalingana, na anayeandika kuwa Uganda imethibitisha kifua na mashine ni kitu kimoja naye anazidisha chumvi. Kilichopo ni kwamba kumweka kifuani mtoto ambaye hajatulia hakukuongeza vifo. Kwa hospitali yenye inkubeta mbili na njiti tisa, hiyo ni habari kubwa.

Lipo swali gumu zaidi: kwa nini kule ilipunguza vifo na huku haikupunguza? Lile jaribio la nchi tano lilifanyika katika hospitali kubwa ambako mama alilazwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, kitanda chake kando ya mashine za kupumulia, na mtoto alifika kifuani ndani ya saa chache za mwanzo. Hospitali ya wilaya ni kitu kingine. Mara nyingi mama yuko wodi moja akiuguza mshono na mtoto yuko jengo lingine. Wapo watoto wanaofika wakiwa wamezaliwa kwingine, wamefungwa kanga juu ya boda. Joto la mama linazuia baridi, linasaidia kunyonya, linapunguza maambukizi. Halimpulizii hewa mtoto wa wiki 29 ambaye mapafu yake hayafunguki, wala halimwamshi anaposahau kupumua saa tisa usiku huku muuguzi wa zamu akiwa peke yake. Nadhani OMWaNA imetuonyesha dari: hapa ndipo kifua cha mama kinapofika kikiwa peke yake, na kinachohitajika juu ya hapo ni pumzi, dawa na jicho la mtu. Hospitali ya Kiwoko kule Nakaseke imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka, mirija ya hewa inayotoa mapovu kwenye chupa ya maji ili mapafu yabaki wazi, na wauguzi waliofundishwa vichanga na kubakizwa kwa vichanga, badala ya kuhamishwa wodi ya wanaume baada ya miezi sita.

Kuna upinzani mmoja ninaouheshimu. Unasema hivi: kila Mwafrika anapoomba mashine, mtaalamu hutokea kumwambia kwamba kifua cha mama kinatosha, na mtaalamu huyo huyo, mjukuu wake akizaliwa njiti, atamkimbiza kwenye wodi yenye kila mtambo. Ni maneno makali na yana ukweli. Tiba ya maskini ina tabia ya kubaki tiba ya maskini. Afrika Kusini zipo hospitali kubwa zinazopooza watoto waliochaguliwa kwa makini, na sioni kwa nini Kampala isifike huko. Ila mpangilio una maana yake. Mtambo wa kupooza unamfaa mtoto ambaye uchungu wa mama yake ulifuatiliwa na ambaye saa ya jeraha lake inajulikana. Anayetaka mtambo huo kwa dhati angeanza kwa kudai vipima mapigo ya moyo wa mtoto, mtu wa dawa ya usingizi kila kituo cha daraja la nne, na gari la rufaa lenye mafuta. Hayo hayapigwi picha.

Niliwahi kumsindikiza shemeji kumtazama mtoto wake katika hospitali moja ya wilaya. Inkubeta zilikuwa tatu. Moja ilikuwa na watoto wawili, ya pili ilikuwa imefunikwa kitenge na mafaili juu yake, ya tatu ilifanya kazi hadi umeme ulipokatika. Sista hakutikisika hata kidogo. "Mama Aisha," alisema, "mtoe umrudishe kifuani." Nililoliona siku ile ni kwamba huduma ya kangaruu ndiyo iliyokuwa mfumo wenyewe, na mashine ilikuwa mgeni anayekuja na kuondoka.

Upinzani mwingine husema: okoa kwanza, ulemavu tutaushughulikia baadaye. Takwimu za nchi zinaupa nguvu. Vifo vya watoto wa siku 28 za kwanza vilikwama kwenye 27 kwa kila vizazi hai 1,000 kati ya uchunguzi wa mwaka 2011 na ule wa 2016, kisha vikashuka hadi 22 mwaka 2022. Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Kushuka huko kumeokoa watoto wengi na anayekubeza hana haya. Lakini ubongo hauna "baadaye". Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walipowatafuta watoto wenye mtindio wa ubongo nyumba kwa nyumba huko Iganga na Mayuge, waliwapata karibu watatu katika kila 1,000, na miongoni mwao waliozaliwa njiti walikuwa wachache mno. Katika nchi tajiri njiti ni sehemu kubwa ya watoto hao. Tafsiri yake haifurahishi: njiti wetu hawakuwamo kwenye hesabu kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Walipowafuatilia hao waliopatikana, vifo vyao vilikuwa zaidi ya mara 20 ya vile vya watoto wengine. Basi tukifanikiwa kumwokoa njiti, na tumeanza kufanikiwa, tutegemee watoto wengi zaidi watakaoishi na ubongo ulioumia, katika mfumo ambao hadi sasa umeepuka kuwahudumia kwa sababu tu hawakuwa wakiishi.

Tena jeraha halingoji mlango wa hospitali. Kule Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf alianza kuona miaka ya 2000 kwamba watoto wengi wenye kichwa kujaa maji walikuwa wameugua maambukizi makali wiki chache baada ya kuzaliwa. Ilichukua muda hadi mwaka 2020 kundi la watafiti la Steven Schiff lilipotangaza kwamba katika maji ya ubongo ya wengi wao kulikuwa na bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vinampita bila kumwona. Mama alirudi nyumbani na mtoto mzima. Ubongo ukaumizwa nyumbani, na kichwa kilipoanza kukua watu wakasema karogwa.

Kwa hiyo shilingi ya vichanga ifuate saa ya ubongo. Ya kwanza iende kwenye usiku wa uchungu, kwa mkunga wa pili wa zamu kabla ya mashine ya pili. Inayofuata iende kwa joto, oksijeni inayopimwa badala ya kukisiwa, dawa ya kumkumbusha njiti kupumua, kipimo cha sukari na cha manjano, vitu ambavyo kila kimoja kikikosekana huacha alama kichwani. Na fungu la tatu, ambalo sijaona mgeni rasmi akilikatia utepe, liende kumtafuta mtoto miezi sita na miaka miwili baadaye. Tann na wenzake wa Uganda wamejaribu njia moja hapa Kampala: vikundi vya wazazi wa watoto walioumia ubongo vinavyoongozwa na mzazi mwenzao, mwenye mtoto wa hali hiyo, aliyefunzwa kuonyesha jinsi ya kumlisha, kumkalisha na kucheza naye, na pia jinsi ya kujibu jirani anayeuliza mmekosea nini. Haihitaji umeme. Inahitaji orodha ya watoto na mtu wa kupiga simu.

Watoto wa OMWaNA waliandikishwa kati ya mwaka 2019 na 2022. Wakubwa wao wamefikia umri wa darasa la kwanza. Baadhi watasoma kama wenzao, baadhi watachelewa kushika penseli, wapo ambao hawatasikia vizuri, na mwalimu wa Iganga au Masaka mwenye darasa la watoto themanini atawaita wazito. Mama zao wanajua walizaliwa na kilo ngapi. Sijui kama kuna mtu shuleni atakayewauliza.